Athari za Upashaji-Upya katika Nguvu na Ushupavu wa Feleji: Mfano wa Tindo ya Mpasua Mawe Jijini Mwanza

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi upashaji-upya, yaani kukipasha moto wa kiasi chuma ambacho kimekwisha kuzimwa, unavyoathiri nguvu na ushupavu wa feleji. Mfano unaotumika ni tindo inayofuliwa kutokana na springi chakavu ya gari na kutumiwa kupasulia mawe ya granaiti jijini Mwanza. Hoja kuu ni kwamba dhana iliyozoeleka, kuwa kila chuma kinapopunguziwa ugumu ndipo kinapozidi kuwa kishupavu, ni kweli kwa sehemu tu. Katika feleji nyingi kuna eneo la joto, takriban kati ya 250 °C na 400 °C, ambamo ugumu hupungua na ushupavu nao hupungua. Rangi ya buluu ambayo mhunzi huifuata kama alama ya usalama inaweza kuangukia ndani ya eneo hilo. Makala inaonesha sababu za hali hiyo, inaeleza kwa nini jaribio la mvutano haliidhihirishi, na inapendekeza alama rahisi za joto zinazoweza kutumika katika karakana isiyo na kipimajoto.

1.0 Utangulizi

Jiji la Mwanza limekaa juu ya granaiti na kati ya granaiti. Kutoka Mirongo, kata yenye jina la mto unaopita katikati ya jiji na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, hadi vilima vinavyolizunguka jiji, miamba ndiyo msingi wa nyumba, ukuta wa uwanja na kokoto ya zege. Kazi ya kuipasua miamba hiyo kwa mkono hutegemea zana chache: nyundo, mtaimbo na tindo. Kati ya hizo, tindo ndiyo inayodai zaidi kwa mtazamo wa elimu ya metali. Ncha yake lazima iwe ngumu ili isibonyee inapogota jiwe. Shina lake lazima livumilie maelfu ya mapigo bila kukatika, na kichwa chake lazima kiwe laini kiasi cha kutorusha vipande kinapogongwa na nyundo. Ncha au kichwa kinapokatika, kipande cha chuma huruka kwa kasi kubwa, na mara nyingi kilicho karibu ni jicho la mfanyakazi.

Malighafi ya mhunzi wa mjini katika Afrika Mashariki kwa kawaida ni chuma chakavu, na kipande kinachothaminiwa sana ni bamba la springi ya lori. Eneo la ziwa lina historia ndefu ya ufundi huu. Katika jarida la Science la mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza uyeyushaji wa chuma wa Wahaya magharibi mwa ziwa, na wakadai kuwa matanuri yake yaliweza kutoa feleji yenye kaboni ya wastani. Ufafanuzi wao kuhusu hewa iliyopashwa moto ndani ya mifereji ya udongo ulipingwa na watafiti wengine. Hata hivyo, haukuacha shaka kwamba mafundi wa eneo hili walishughulika na chuma chenye kaboni kwa karne nyingi. Tofauti ya mhunzi wa leo ni kwamba chuma anachokipokea kimetungwa na kiwanda asichokijua, kwa mchanganyiko asioweza kuuona.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Neno *feleji* linatumika hapa kwa maana ya chuma chenye kaboni inayokiwezesha kugeuzwa sifa kwa moto. Istilahi *chuma cha pua* imeepukwa kwa kuwa siku hizi wengi huielewa kuwa ni chuma kisichoshika kutu.

Katika matumizi ya kawaida, *kutia chuma maji* hujumuisha shughuli nzima ya kukipa chuma ugumu. Usemi huo unaficha ukweli kwamba shughuli hiyo ina hatua mbili zenye malengo yanayopingana. Hatua ya kwanza inaitwa hapa *uzimaji*: kukipasha chuma hadi kiwe chekundu kisha kukichovya ghafla katika maji au mafuta. Hatua ya pili ni *upashaji-upya*: kukirudishia chuma hicho moto wa chini zaidi, kukiacha humo kwa muda, kisha kukipoza.

*Nguvu* ni mkazo ambao chuma kinaweza kuuhimili kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika, na hupimwa kwa megapaskali (MPa). *Ugumu* ni ukinzani dhidi ya kubonyezwa. *Ushupavu* ni kiasi cha nishati ambacho chuma hukimeza kabla ya kuvunjika. Kipimo chake kinachofahamika zaidi kinahusishwa na Mfaransa Georges Charpy, ambaye mwaka 1901 alieleza jaribio la kuvunja kwa pigo moja la nyundo ya bembea kipande chenye mtai. Kipande hicho leo kina unene wa milimita 10 kwa 10 na urefu wa milimita 55. Kioo kina ugumu mkubwa na ushupavu mdogo. Risasi ina ushupavu wa kutosha lakini haina ugumu. Tindo inahitaji vyote viwili kwa pamoja.

3.0 Yanayotokea ndani ya feleji

Feleji inapopashwa hadi wekundu wa cheri, takriban 830 °C hadi 860 °C kwa springi nyingi, atomu za chuma hujipanga katika umbo la mchemraba wenye atomu katikati ya kila uso. Umbo hili, aostenaiti, lina nafasi ya kutosha kuyeyusha kaboni yote iliyomo. Likipozwa polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na kuunda tabaka za sementaiti, kampaundi ngumu ya chuma na kaboni, kati ya tabaka za chuma laini. Likizimwa ghafla, kaboni hunaswa. Mpangilio wa atomu hujaribu kugeuka kuwa mchemraba wenye atomu moja katikati, lakini kaboni iliyonaswa huuvuta upande mmoja na kuupotosha. Zao hilo ni martensaiti, iliyopewa jina kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens.

Martensaiti ya feleji yenye kaboni ya asilimia 0.6 hufikia ugumu wa zaidi ya 60 kwa kipimo cha Rockwell C, na tupa huteleza juu yake. Ugumu huo una gharama. Atomu zimebanana, kuna mikazo ya ndani iliyoachwa na upoaji usio sawa, na sehemu ndogo ya aostenaiti hubaki bila kugeuka. Tindo iliyoachwa katika hali hiyo yaweza kupasuka kwa pigo la kwanza, na wakati mwingine hupasuka yenyewe kabla ya kuguswa. Hatari huzidi pale springi inapozimwa katika maji badala ya mafuta, ndiyo maana oili chafu ya magari ni bora zaidi kwa feleji ya aina hii.

Upashaji-upya huirudishia kaboni uwezo wa kusogea, na kusogea huko hupita hatua zinazoingiliana. Hadi karibu 200 °C, sehemu ya kaboni hutoka na kuunda chembechembe ndogo mno za kabaidi. Mikazo hupungua na ugumu hupotea kidogo tu. Kati ya 200 °C na 300 °C, aostenaiti iliyobaki huvunjika kuwa feraiti na kabaidi. Kuanzia karibu 250 °C kwenda juu, sementaiti huanza kujijenga kwa sura ya utando au vijiti. Kuanzia 400 °C, vijiti hivyo huvimba na kuviringika kuwa punje, na chuma kinachozizunguka hulainika na kupata uwezo wa kunyumbuka. Kufikia 650 °C kinachobaki ni punje za sementaiti zilizotawanyika katika feraiti laini.

4.0 Yanayooneshwa na jaribio la mvutano

Jedwali lifuatalo lina thamani za vitabu vya rejea, zilizokadiriwa, kwa feleji ya springi inayojulikana kama 5160. Ina kaboni ya asilimia 0.56 hadi 0.64, manganisi ya asilimia 0.75 hadi 1.00 na kromiamu ya asilimia 0.70 hadi 0.90. Feleji hiyo ilizimwa katika mafuta kisha ikapashwa upya.

| Joto la upashaji-upya (°C) | Nguvu ya mvutano (MPa) | Ukomo wa unyumbufu (MPa) | Urefukaji (%) | Ugumu wa Brinell |
|---|---|---|---|---|
| 205 | 2220 | 1790 | 4 | 627 |
| 315 | 2000 | 1770 | 9 | 555 |
| 425 | 1600 | 1460 | 10 | 461 |
| 540 | 1160 | 1040 | 12 | 341 |
| 650 | 896 | 800 | 20 | 269 |

Mwelekeo ni wazi. Joto likipanda kutoka 205 °C hadi 650 °C, nguvu ya mvutano hupungua kwa takriban asilimia 60, na urefukaji huongezeka mara tano. Aidha, jedwali linaeleza kwa nini springi yenyewe ikiwa garini ni kishupavu. Viwanda huipasha upya kwa takriban 450 °C hadi 550 °C, mahali ambapo nguvu bado ni kubwa na uwezo wa kurefuka unatosha. Sifa hiyo haidumu ndani ya bamba likirudishwa tanurini. Mara mhunzi anapolipasha hadi wekundu ili alifue, kazi ya kiwanda hufutika yote, na jukumu la kuirejesha huwa juu yake.

Anayelisoma jedwali hilo peke yake atahitimisha kuwa njia ni moja na imenyooka: kushuka kwa nguvu ndiko kupanda kwa ushupavu. Hitimisho hilo lina kasoro. Jaribio la mvutano huvuta kipande laini kisicho na mtai, tena polepole. Tindo hupigwa kwa kasi, na uso wake una mikwaruzo, alama za nyundo na mianzo ya nyufa. Kinachoamua maisha yake ni tabia ya chuma mbele ya ufa, na jambo hilo halimo katika safu yoyote ya jedwali.

5.0 Bonde la ushupavu

Feleji hiyo ikipimwa kwa nyundo ya Charpy badala ya kuvutwa, mchoro wa matokeo huwa na sura nyingine. Ushupavu hupanda kutoka hali ya kuzimwa hadi karibu 200 °C. Baada ya hapo hushuka, hufika chini kabisa mahali fulani kati ya 250 °C na 400 °C, kisha hupanda tena kwa kasi. Mshuko huo unaitwa hapa *bonde la ushupavu*. Ndani ya bonde, fundi hupoteza mara mbili: ametoa ugumu, na hakupewa ushupavu kuwa fidia.

Sababu imo katika hatua zilizotajwa katika sehemu ya tatu. Utando wa aostenaiti iliyobaki kati ya vipande vya martensaiti unapovunjika, nafasi yake huchukuliwa na utando wa sementaiti. Sementaiti ni ngumu lakini haimezi nishati, hivyo ufa ukiifikia hukimbia ndani yake. Hali kadhalika, mipaka ya punje za aostenaiti ya awali hukusanya fosforasi, na sementaiti ikijijenga juu ya mipaka hiyo, chuma huachana punje kwa punje. Joto likipita 400 °C, utando hukatikakatika na kuwa punje za duara, njia ya ufa huvurugika, na ushupavu hurejea.

Kuna eneo la pili la hatari, lenye asili tofauti, kati ya takriban 375 °C na 575 °C. Feleji yenye manganisi na kromiamu ikikaa kwa muda mrefu katika joto hilo, au ikipoa humo polepole mno, uchafu kama fosforasi, bati na antimoni huhamia mipakani mwa punje na kuidhoofisha. Dhara hili hujengeka kwa saa nyingi na laweza kuondolewa kwa kupasha zaidi ya 600 °C na kupoza haraka. Bonde la kwanza haliondoki kwa njia hiyo: kurudisha ugumu uliopotea humo kunahitaji chuma kizimwe upya kuanzia mwanzo.

Muundo wa feleji husogeza mipaka ya bonde. Silikoni haikubaliki ndani ya sementaiti, kwa hiyo huchelewesha kuundwa kwake na kulisukuma bonde kwenye joto la juu zaidi. Feleji iitwayo 300M, inayotumika katika miguu ya kutulia ya ndege, ina silikoni ya takriban asilimia 1.6, na kwa sababu hiyo hupashwa upya kwa karibu 300 °C pasipo kuanguka bondeni. Jambo hili linahusu karakana za Mwanza moja kwa moja, kwa kuwa springi za magari hutengenezwa kwa familia zaidi ya moja ya feleji. Nyingine zina kromiamu na silikoni kidogo, na nyingine zina silikoni ya karibu asilimia 2. Mabamba mawili yanaweza kufanana kwa unene, kutu na mlio, ilhali joto linalofaa kwa moja ni hatari kwa jingine.

6.0 Rangi, muda na tindo

Njia ya asili ya kupasha tindo upya haihitaji tanuri la pili. Mhunzi huchovya ncha peke yake, huitoa shina likiwa bado na moto, hung'arisha uso kwa jiwe au tupa, kisha hutazama rangi zikitambaa kutoka shinani kuelekea nchani. Katika feleji ya kaboni, manjano hafifu huonekana karibu na 210 °C, kahawia karibu na 255 °C, zambarau karibu na 280 °C na buluu karibu na 300 °C. Rangi inayotakiwa inapofika nchani, tindo huchovywa tena ili kuusimamisha moto. Kanuni hiyohiyo hutumika viwandani kutengeneza nondo zinazouzwa kwa jina la TMT. Maji huzima ganda la nje, na joto lililobaki kiini hulipasha ganda hilo upya.

Njia hiyo ni ya busara, lakini ina mapungufu matatu. Kwanza, rangi ni unene wa utando wa oksidi. Hutegemea muda pamoja na joto, na kromiamu huichelewesha. Pili, rangi haisemi lolote kuhusu silikoni iliyomo. Tatu, majedwali ya rejea huchukulia muda wa takriban saa moja, ilhali rangi za mhunzi hupita kwa sekunde au dakika.

Uzito wa muda unaweza kukadiriwa kwa kanuni ya Hollomon na Jaffe ya mwaka 1945. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, athari ya upashaji-upya hulingana na zao la joto, kwa kelvini, na jumla ya 20 na logi ya muda kwa saa. Kwa hesabu hiyo, saa moja katika 250 °C ni sawa na dakika moja katika takriban 300 °C. Kanuni ilibuniwa kwa ajili ya ugumu, hivyo matumizi yake kwa bonde ni makadirio tu. Hata hivyo, makadirio hayo yanatoa tahadhari nzito: mwanzo wa bonde, ukihesabiwa kwa dakika moja ya mhunzi, unaangukia kwenye rangi ya buluu. Fundi anayeiacha ncha ifike buluu ili "isivunjike" anaweza kuwa anaifikisha mahali inapovunjika kwa urahisi zaidi kuliko ilipokuwa ya manjano.

Alama za joto zisizotegemea rangi zinaweza kupatikana kwa gharama ndogo, kwa kutumia metali zinazoyeyuka katika joto linalojulikana. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka katika 183 °C. Bati safi, yaani metali yenyewe na si bati la kuezekea, huyeyuka katika 232 °C. Zinki, ambayo ndiyo gamba la betri kavu za tochi za kawaida, huyeyuka katika 420 °C. Punje ndogo za metali hizo zikiwekwa juu ya kibati kidogo kando ya zana, ndani ya karai la mchanga uliopashwa, huwa mashahidi wa joto. Hazipaswi kugusa zana, kwa kuwa metali iliyoyeyuka inaweza kuanzisha ufa. Risasi haifai kuyeyushwa kwa wingi katika karakana kwa sababu ya sumu yake.

Kwa feleji ya familia ya 5160, kanuni inayotokana na maelezo yaliyotangulia ni fupi: ama chini ya bati, ama juu ya zinki. Shina hupashwa kwanza, zinki ikiwa imeyeyuka, kwa angalau nusu saa, kisha hupozwa bila kuchelewa ili lisikae katika eneo la pili la hatari. Nusu saa inatakiwa kwa kuwa, kwa hesabu ileile, mpaka wa juu wa bonde ambao kwa saa moja ni 400 °C hupanda hadi takriban 410 °C kwa nusu saa, bali kwa dakika moja hufika karibu 465 °C, juu ya kiyeyuko cha zinki. Baada ya hapo ncha peke yake hupashwa hadi wekundu, huzimwa, na hupashwa upya mahali ambapo lehemu imeyeyuka na bati bado. Kichwa kisizimwe kabisa. Kati ya ncha na shina, ukanda mwembamba utabaki katika joto la bonde. Hauwezi kuepukika, lakini unaweza kuwekwa nyuma ya makali, mahali ambapo tindo ni nene na mkazo ni mdogo.

Pale ambapo familia ya springi haijulikani, jaribio la kuvunja hutoa jibu. Vipande vitatu kutoka bamba moja huzimwa pamoja, kisha kimoja hupashwa upya chini ya bati, cha pili hadi buluu, na cha tatu juu ya zinki. Kila kimoja hukatwa mtai wa kina kilekile kwa gurudumu la kusagia, hubanwa kwenye jiliwa na kugongwa kwa nyundo, mpigaji akiwa amevaa miwani ya kinga na kipande kikiwa kimefunikwa kwa gunia. Kipande cha buluu kikivunjika kwa wepesi kuliko cha kwanza, na uso wake ukimetameta kwa punje, bamba hilo lina bonde mahali pa kawaida. Kisipotofautiana, huenda ni feleji ya silikoni, na buluu inaweza kutumika.

7.0 Hitimisho

Upashaji-upya si kubadilishana nguvu kwa ushupavu kwa bei isiyobadilika. Kuna viwango vya joto ambavyo mabadilishano hayo yana faida, na kuna viwango ambavyo chuma hutoa bila kupokea. Jaribio la mvutano na jaribio la ugumu hayatofautishi hali hizo mbili. Jaribio la pigo lenye mtai ndilo linalozitenganisha. Kwa mafunzo ya uhunzi, yawe ya VETA au ya karakana ya mtaani, athari yake ni ya aina mbili. Uzimaji na upashaji-upya vifundishwe kama hatua mbili zenye majina mawili, badala ya kuachwa vyote ndani ya usemi wa kutia chuma maji. Pia, rangi ifundishwe kuwa ni dalili inayohitaji kuthibitishwa kwa kila bamba jipya la chakavu, kwa kuwa jedwali la rangi huandikwa kwa feleji inayojulikana, na feleji inayofika kwenye fuawe ya mhunzi wa Mwanza mara nyingi haijulikani.